Kulifikisha Gari: Kazi ya Dereva wa Mashindano na Somo Lake kwa Kasongo



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya dereva wa mashindano ya magari. Najua wengine wanajiuliza: Kasongo na mashindano ya magari, wapi na wapi? Mtu akisikia neno hilo huwaza lami laini, taa za Ulaya, magari yaliyolala chini hata jiwe dogo lingeyapasua tumbo. Sisi hapa tunajua udongo mwekundu, daraja la magogo, na potopoto inayomeza gurudumu hadi kwenye ekseli kati ya hapa na Kabambare.

Nimeikubali kazi hii kwa sababu shule iliyotoa madereva wakubwa wa Afrika Mashariki haikuwa ya lami. Ilikuwa ya udongo kama huu wetu, na wengi wa wanafunzi wake walitoka garaji. Jambo ninalotaka mlishike ni moja: katika shule ile, bingwa alikuwa yule aliyejua kulifikisha gari. Kasi ilihesabiwa baada ya hapo. Na elimu ya kulifikisha gari inaweza kufundishwa popote, hata Kasongo.

Mashindano yaliyozaliwa msimu wa mvua

Mwaka 1953, wenye magari wa Nairobi waliandaa safari ndefu ya mashindano kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Washiriki walikuwa wafanyabiashara, wakulima na mafundi, kila mmoja na gari lake la kawaida. Jina lilibadilika mara kadhaa, lakini dunia ikaja kuyajua kama Safari Rally.

Yalizoea kufanyika wakati wa Pasaka, pale masika yanapoanza kumwaga. Njia ilikuwa ya takriban kilomita 5,000, na hapo zamani haikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na lori la mkaa, ng'ombe wa watu, mtoto anayetoka shule, mto uliofurika usiku. Asubuhi alikula vumbi hata asione pua ya gari lake, jioni alizama kwenye tope jeusi linalonata kama gundi. Hakukuwa na uwanja wa kuzunguka na kurudi mahali pale pale. Ilikuwa nchi nzima, na nchi haimwonei mtu huruma.

Tazameni hesabu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93. Yakafika tena 7. Na miaka yote miwili walioshinda ni wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Gari lile halikuwa la mbio. Ni gari la familia, lile lile ambalo watu wa Afrika nzima walilijua kwa kubeba abiria na magunia. Lakini lilikuwa mikononi mwa watu waliojua lini wakanyage mafuta na lini washuke kwanza, waangalie mto kwa macho.

Kwa karibu miaka 20 hakuna dereva aliyetoka nje ya Afrika Mashariki aliyeshinda mashindano yale. Walikuja mabingwa wa Ulaya na timu zao za viwanda, wakarudi na magari yaliyovunjika. Wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda ni Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Kampuni ya Porsche, yenye jina kubwa katika mbio za duniani, ilijaribu mara kadhaa; mara tatu gari lake lilimaliza la pili, katika 1972, 1974 na 1978, na ushindi haikuupata. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa rali. Udongo kama huu wetu ukawa mtihani ambao viwanda vya Japani, Ufaransa, Ujerumani na Italia vililazimika kuufanya mbele ya dunia nzima.

Joginder Singh: fundi kwanza

Sasa tumwangalie mtu mmoja. Joginder Singh alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, katika familia ya Makalasinga, yaani Masikh, na baba yake alikuwa na garaji. Kijana akakulia kwenye grisi. Kabla ya kujulikana kama dereva alikuwa fundi, na baadaye alifanya kazi katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kama fundi wa barabarani: gari likizimika njiani, yeye ndiye anayetumwa kulifuata.

Fikirini kazi hiyo inamfundisha mtu nini. Kila siku anakuta gari lililoshindwa na barabara. Anaona ni kipande gani huvunjika kwanza, kwa sababu gani, na dereva alikosea wapi. Anajifunza kutengeneza kwa vifaa vilivyomo mkobani, kando ya njia, juani, bila kusubiri spea kutoka mjini. Baada ya miaka ya kazi hiyo, sauti ya injini inasema naye. Akisikia mlio ambao haukuwepo kilomita kumi nyuma, anajua ni nini na anajua kama kitavumilia hadi kituo kinachofuata.

Alianza kushiriki Safari mwishoni mwa miaka ya 1950. Hakushinda mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Ushindi ulikuja mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 33, na aliyekaa pembeni yake kusoma njia alikuwa ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, nalo halikuwa jipya: lilikuwa limekwisha kushindana likiwa mali ya timu ya kiwanda. Ndugu wawili, watoto wa garaji, ndani ya gari lililokwisha kutumika, wakawapita wote.

Mwaka 1974 alishinda tena, safari hii na David Doig, katika Mitsubishi Lancer. Aliyemaliza wa pili alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, dereva hodari kweli kweli, akiendesha Porsche yenye nguvu kuliko ile Lancer ndogo. Mwaka 1976, Joginder na Doig wakashinda mara ya tatu, na Mitsubishi ikachukua nafasi zote tatu za juu. Joginder alikuwa na miaka 44. Watu walimwita Simba wa Kenya, na alikuwa wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Alifariki London mwaka 2013.

Vijana, naomba mlitazame jambo la umri. Wengi wenu mnadhani kazi ya kuendesha kwa mashindano ni ya mtu wa miaka 20 asiyeogopa kufa. Huyu alishinda mara ya mwisho katika umri ambao wengi tayari wanaitwa mzee. Kilichomfikisha hapo ni kumbukumbu ya kila kosa aliloliona tangu akiwa fundi wa kufuata magari yaliyozimika.

Shekhar Mehta: kupoteza na kuanza upya

Wa pili ni Shekhar Mehta. Yeye hakuzaliwa garaji. Alizaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia iliyojulikana kwa kiwanda na mashamba ya miwa. Mwaka 1971 alimaliza Safari wa pili. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda, na familia ya Mehta ikaondoka pamoja na maelfu ya wengine. Shekhar akahamia Kenya.

Miezi michache baadaye, mwaka 1973, aliingia Safari na Lofty Drews katika Datsun 240Z. Mwisho wa njia alikuwa na adhabu sawa sawa na Harry Källström wa Sweden, naye katika Datsun. Kanuni ilisema: wakilingana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu. Mehta akapewa ushindi. Kilomita elfu kadhaa, siku na usiku, na hukumu ikatoka kwenye usafi wa mwanzo, pale ambapo wengi hudhani kosa dogo litafidiwa mbele.

Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979, 1980, 1981 na 1982, akiwa na Mike Doughty kama msoma ramani. Jumla mara tano, na katika enzi za ubingwa wa dunia hakuna aliyemfikia katika Safari. Mke wake, Yvonne, naye alikuwa mtu wa mashindano aliyekaa pembeni yake na kumsomea njia. Mwaka 1987 Shekhar aliumia vibaya katika ajali kwenye mashindano ya Misri, na kazi yake ya usukani ikaishia hapo. Lakini maarifa hayakuishia hapo. Aliingia katika uongozi wa rali wa FIA, shirikisho la kimataifa la magari, akasaidia kuongoza mchezo aliokuwa akiucheza, hadi alipofariki mwaka 2006.

Hapa tunaona mwendo wa kazi nzima: kujifunza, kushindwa, kushinda, kuumia, kisha kuwa mwalimu na mwangalizi wa wengine. Kijana anayetamani kazi hii lazima aione yote, hata ule upande wa hospitali. Anayemwonyesha kikombe peke yake anamdanganya.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Watu huona gari likipita na vumbi nyuma yake, dakika moja, basi. Kazi haionekani. Kabla ya siku yenyewe, dereva na msoma ramani hupita njia ile ile polepole, na msoma ramani ana daftari. Anaandika kila kona, kila tuta, kila mfereji: kushoto kali, kisha mawe, kisha daraja jembamba, punguza. Siku ya mashindano dereva haoni mbele ya kilima, lakini sikio lake limekwisha kuona. Kwa hiyo hawa ni madereva wawili, mmoja wa mikono na mmoja wa macho, na asiyejua kumsikiliza mwenzake hafiki mbali katika kazi hii.

Gari nalo hutayarishwa. Huinuliwa lipate nafasi juu ya mawe. Chini ya injini hufungwa bamba nene la chuma. Shokapu hubadilishwa kwa zile za kuvumilia, na njia ya injini kuvuta hewa hupandishwa juu ili gari livuke maji bila kunywa. Fundi hupima kila nati na kuitia alama, ili ikilegea ajue. Timu kubwa za zamani zilikuwa na magari ya mafundi yaliyosubiri vituoni, hata helikopta angani ya kumwonya dereva kuwa mbele kuna ng'ombe au lori. Nyuma ya jina moja gazetini kulikuwa na watu kumi, ishirini, wenye mikono ya mafuta.

Na fedha? Viwanda vililipa kwa sababu ushindi wa Safari uliuza magari. Mtu wa Nairobi, wa Kampala au wa Bujumbura aliyeona Peugeot au Datsun imetoka hai kwenye tope lile alijua itamfaa pia. Dereva aliyezijua njia akawa mtu wa thamani, akapewa gari na mshahara. Lakini hao waliolipwa ni wachache. Wengi walilipia mafuta na tairi kutoka mfukoni, wakitegemea duka, shamba au garaji. Hadi leo ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya Afrika: dereva wa mashindano huwa na kazi nyingine inayomlisha.

Hata hivyo mlango haukufungwa. Satwant Singh wa Zambia alikuwa bingwa wa rali wa Afrika mara 8. Charlie Muhangi wa Uganda aliutwaa ubingwa huo mwaka 1999. Susan Muwonge, mwanamke, aliwashinda wanaume wote wa Uganda akawa bingwa wa taifa mwaka 2011. Mabinti mlioko hapa, jina hilo mlishike. Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, kwenye njia zilizofungwa kwa usalama wa watu. Mwaka uliofuata, kijana Mkenya McRae Kimathi alikwenda Sweden kushindana juu ya theluji katika mashindano ya vijana ya dunia. Mtoto wa vumbi akapelekwa kwenye barafu, akaendesha.

Motari wa njia ya Kabambare

Sasa turudi nyumbani. Nataka kuwaeleza jambo ambalo ninyi mnaliona kila siku hata hamlioni tena. Motari, mwendesha pikipiki ya abiria, anatoka Kasongo, nyuma ana abiria, mbele ana gunia, pembeni bidoni ya mafuta. Anafika mahali njia imekatika kwa potopoto. Hakurupuki. Anamshusha abiria. Anakata fimbo, anaitumbukiza, anapima kina. Anatafuta alama ya gurudumu lililopita jana, anaangalia kama lilitoka upande wa pili. Anazungusha kamba au mnyororo kwenye gurudumu la nyuma lishike udongo. Ndipo anaingia, taratibu, miguu yote miwili nje, mkono haukati mafuta wala hauyazidishi. Akitoka ng'ambo anasimama, anakausha buji, anawasha, anamwita abiria.

Ndugu zangu, kile ndicho alichokifanya Nowicki mwaka 1963. Kuangalia kabla ya kuingia, kusoma alama, kukilinda chombo, kufika. Elimu hiyo ipo hapa. Ila haijaandikwa, haijapimwa, na haijalipwa heshima yake. Motari mwenye uzoefu wa miaka kumi akiacha kazi, maarifa yake yanaondoka naye, na kijana wa kesho anaanza tena kwa kuanguka.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa nimewadhulumu. Barabara mbaya si sifa. Walioingia Safari walichagua kuingia, kwa siku chache, na nyuma yao kulikuwa na daktari na fundi. Mama mjamzito anayeletwa hospitali kwa pikipiki kutoka kijiji cha upande wa Kabambare hakuchagua mashindano. Mfanyabiashara anayesukuma kinga, yaani baiskeli, iliyobebeshwa magunia kwa siku kadhaa hana kikombe kinachomngoja. Ustadi wa motari usiwe kisingizio cha kuiacha njia ife. Anayesema vijana wetu wamezoea, kwa hiyo barabara inaweza kungoja, huyo ameuchukua ujasiri wao na kuugeuza kuwa mzigo wao.

Tuanzie wapi

Naona mambo matatu yanayowezekana kwa nguvu zetu wenyewe.

La kwanza ni garaji za kufundisha. Mafundi wazima wa Kasongo wapokee vijana kwa mpango, na kila kijana awe na daftari: chombo gani kimeletwa, kipi kimevunjika, kwa nini, kimetengenezwaje. Baada ya mwaka mmoja madaftari hayo yakikusanywa, tutajua kwa uhakika barabara yetu inavunja nini na kwa nini. Na tusiwafungie mabinti mlango. Mkono unaoshika spana hauulizwi ni wa nani.

La pili ni mashindano ya ustadi. Sisemi mbio, mbio katika njia wanapopita watu ni kuua. Nasema uwanja uliofungwa, na vyama vya motari viweke kanuni: nani anabeba mzigo mzito bila kuuangusha, nani anavuka potopoto bila kuzima, nani anatumia mafuta machache, nani anatoa gurudumu na kuziba pancha upesi zaidi. Kofia ngumu kichwani kwa kila mmoja, asiye nayo haingii. Saa ya kupimia, daftari la matokeo, mwamuzi asiye na ndugu kati ya washindani. Safari ilianza hivyo: watu wa kawaida, vyombo vya kawaida, na kanuni ambazo kila mtu alizikubali. Ubingwa huzaliwa na kanuni. Pasipo kanuni unapata majigambo ya barazani tu.

La tatu ni daftari la njia. Wasomao njia wa rali wanaandika kila kona. Na sisi tuandike. Kutoka Kasongo hadi Kabambare, kila mahali pabovu, kila daraja, kila mto unaojaa na mwezi unaojaa. Daftari hilo litamsaidia dereva anayebeba mgonjwa usiku. Litamsaidia mwenye lori kujua aondoke lini. Na litakuwa mkononi mwetu siku tutakapokaa na wakubwa wa Office des Routes, wenye dhamana ya barabara, na wa jimbo: hatutasema tu kwamba barabara ni mbaya, tutasema hapa, na hapa, na hapa, na tangu lini.

Je, Kasongo itatoa dereva wa mashindano wa kulipwa, ambaye jina lake litasomwa Nairobi au Paris? Sioni sababu ya kusema hapana. Joginder alianza na mkoba wa vifaa na magari ya watu yaliyozimika. Lakini hata kama bingwa huyo atachelewa kizazi kimoja, kazi ya kumtayarisha itakuwa imekwisha kutulipa: mafundi wanaojua kwa nini, motari wanaofika na abiria wao wazima, na barabara ambayo wenyewe wameiandika hata hakuna awezaye kudai haijui. Daftari la kwanza lifunguliwe juma hili, na mafundi waliomo humu ndio waanze.